Uzi: Magemu ya biti 16 hayajazeeka kama tunavyodhani, ila tunayacheza isivyo

Wadau, salaam.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiyarudia magemu ya konsoli za biti 16, hasa ya Mega Drive ya Sega na Super Nintendo, na nimeona niandike kwa urefu kwa sababu kila mjadala wa magemu haya unapoibuka watu hugawanyika kwenye kambi mbili zilezile. Kambi ya kwanza inasema ya kale ni dhahabu na hakuna gemu la leo linaloyafikia. Kambi ya pili inasema hayo ni mapenzi ya utotoni tu, na kwamba mtu ambaye hakukua nayo akiyashika leo atachoka kabla ya robo saa kwisha. Mimi siko kambi yoyote kati ya hizo. Naona wengi wetu tunayahukumu magemu haya kabla ya kuyacheza, hata kama padi iko mkononi, kwa kuwa tunayatazama kwenye skrini ambayo hayakuchorewa, tunayaendesha kwa mwendo usio wake, na tunatumia misaada inayofuta kile hasa ambacho watengenezaji walikiweka humo ili tukigundue wenyewe.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Super Metroid lilitoka mwaka 1994. Mara ya kwanza nililicheza kwenye kompyuta kwa emuleta, yaani programu inayoiga konsoli, nikiwa nimeivuta picha ijae skrini pana yote, huku nikitumia kitufe cha kurudisha muda nyuma kila nilipokosea. Nililimaliza kwa jioni chache. Nikaliona ni gemu zuri la kawaida, na sikuelewa kwa nini watu wanalitaja kwa heshima kubwa namna ile. Katika eneo la Brinstar kuna daraja ambalo matofali yake yanaporomoka unapoyakanyaga. Nilianguka mara tatu, nikafungua maelezo mtandaoni, nikaambiwa nishikilie kitufe cha kukimbia, nikavuka, na daraja lile likanitoka akilini siku hiyohiyo.

Baadaye nilimkabidhi padi mdogo wangu, ambaye hakuwahi kuliona gemu hili, na safari hii nilizima misaada yote na kuirudisha picha kwenye umbo lake. Alipofika kwenye daraja lile alianguka, akapanda, akaanguka tena. Akajaribu kuruka mapema, akajaribu kuruka akiwa amechelewa, akajaribu kujikunja mpira. Kisha akaacha kabisa kusogea. Alikaa akiitazama padi yenyewe, si skrini, na akaanza kubonyeza kitufe kimoja baada ya kingine huku akimtembeza Samus, mhusika wa gemu, huku na huku kwenye sakafu iliyo imara. Alipofikia kitufe cha kukimbia, Samus akaongeza kasi, naye akasimama ghafla kana kwamba amesikia mtu akimwita. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akakimbia, akavuka. Hakushangilia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Kumbe muda wote huu alikuwa anaweza kukimbia."

Hapo ndipo nilipolielewa daraja lile. Mpaka kufikia pale, gemu halijakulazimisha kukimbia hata mara moja, na kitufe chenyewe kimekuwa chini ya kidole chako tangu mwanzo. Halikuandikii maelezo wala halisimamishi mchezo ili likufundishe. Linakuwekea shimo, linakuacha ulitazame, na linakuamini. Mimi nilikuwa nimevuka daraja bila kujifunza lolote, maana kila shaka iliponijia niliiua kabla haijakomaa.

Mwanzo wa gemu hilohilo umejengwa kwa namna hiyo. Unatua kwenye sayari ya Zebes mvua ikinyesha, unashuka kwenye mapango, na hakuna adui hata mmoja. Unapita kwenye magofu ya makao ya kale, unachukua uwezo wa kujikunja mpira, unachukua makombora ya kwanza, na unapopanda kurudi njia uliyojia unakuta vyumba vilevile vimejaa maharamia. Ukiwa na kitufe cha kurudisha muda, vyumba vile vitupu ni mwendo mrefu usio na kazi. Usipokuwa nacho unavipita kwa hofu, kwa sababu hujui ni lini ukimya utavunjika na unajua ukivunjika utakuwa mbali na mahali pa kuhifadhi.

Sasa niingie kwenye mambo ya mitambo, kwa sababu ndiyo yanayopuuzwa zaidi.

Mega Drive ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1988 na ikaingia Marekani mwaka 1989 kwa jina la Genesis. Mpinzani wake, Super Nintendo, anayeitwa Super Famicom huko Japani, alitoka Novemba 1990. Tunaziita konsoli za biti 16 kwa ajili ya prosesa zao, ingawa hesabu hiyo haisemi mengi: PC Engine ya mwaka 1987 ilikuwa na prosesa ya biti 8 na bado watu wengi huiweka kwenye kundi hili kwa sababu ya uwezo wake wa picha. Lililo muhimu kwa anayerudi leo ni kwamba mashine zote hizi zilichora picha ndogo sana. Super Nintendo kwa kawaida huchora pikseli, yaani nukta za picha, 256 kwa upana na 224 kwa kimo, na magemu mengi ya Mega Drive huchora 320 kwa 224. Picha zote hizo mbili ziliishia kwenye televisheni ya chogo, ambayo uso wake una uwiano wa nne kwa tatu.

Tazama maana yake. Ukiionyesha picha ya Super Nintendo kwa pikseli za mraba, itakuwa nyembamba kuliko ilivyoonekana kwenye televisheni ya wakati ule. Ukiivuta ijae skrini pana ya leo, wahusika wote wananenepa na kila mviringo unakuwa yai lililolala. Si wachoraji wote waliozingatia tofauti hiyo walipokuwa wakichora, hilo nakubali, lakini hakuna hata mmoja aliyechora kwa ajili ya skrini ya kumi na sita kwa tisa. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ninalomwomba kila anayerudi ni kuiweka picha katika nne kwa tatu na kuiacha mistari miwili myeusi pembeni ikae kwa amani.

Jambo la pili ni ulaini. Mfano ninaoupenda ni maporomoko ya maji ya Green Hill, eneo la kwanza la Sonic the Hedgehog la mwaka 1991. Mega Drive iliweza kuonyesha rangi 64 kwa wakati mmoja kutoka rangi 512, na haikuwa na njia rahisi ya kufanya kitu kionekane kama kioo. Wachoraji wakachora maji kama mistari ya wima, mmoja una rangi na unaofuata uko wazi. Kwenye skrini kali ya leo unaona kwa macho yako nguzo za samawati zilizopangwa kama fito za uzio, na Sonic amesimama nyuma yake. Kwenye televisheni ya chogo, kwa waya wa kawaida wa video, ishara ile ilizichanganya rangi za pikseli zilizo jirani, mistari ikayeyuka, na yakawa maji yanayoonyesha kilicho nyuma yake. Mchoraji alitegemea udhaifu wa waya ili akamilishe picha yake. Tukilisafisha gemu hili mpaka kila pikseli iwe na ncha kama wembe, tunakuwa tumeiondoa sehemu ya kazi ya mchoraji huku tukidhani tunamheshimu.

Ndivyo ilivyo pia kwa Donkey Kong Country la mwaka 1994. Studio ya Rare ilitengeneza wahusika kwa kompyuta za Silicon Graphics, wakiwa na umbo kamili la pande zote, kisha ikawashusha mpaka wakaingia kwenye rangi chache za Super Nintendo, ambayo huonyesha rangi hadi 256 kwa wakati mmoja kutoka 32,768. Kwenye skrini bapa ngozi ya sokwe yule inaonekana kama mchanga uliomwagwa. Kwenye chogo ni manyoya.

Sisemi kila mtu akatafute televisheni ya chogo. Ni nzito, zinazidi kuisha, na anayejua kuzitengeneza hapatikani kirahisi. Emuleta nyingi zina vichujio vinavyoiga mistari na ulaini wa chogo, na vilivyo bora vinafanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Ninachosema ni kwamba vichujio hivyo si pambo la kumbukumbu. Kwa magemu kama haya mawili, vinakaribia zaidi kile ambacho mchoraji alikiona alipokuwa akikagua kazi yake.

Naendelea na mwendo, kwa sababu hapa ndipo nilipowahi kubishana na watu wazima kwa saa nzima kabla ya kugundua kwamba tulikuwa tunazungumzia magemu mawili tofauti yenye jina moja.

Televisheni za Japani na Marekani zilichora picha takriban mara 60 kwa sekunde, na za sehemu kubwa ya Ulaya mara 50. Magemu mengi ya enzi hiyo yalihesabu muda wake kwa picha hizo, na kampuni nyingi zilipoyapeleka Ulaya hazikuyarekebisha. Matokeo yake toleo la Ulaya lilikwenda polepole kwa karibu asilimia 17, mara nyingi hata muziki ukiburuzwa, na juu na chini ya picha kukawa na mistari myeusi. Mtu aliyekulia kwenye toleo hilo atakuambia Sonic hakuwa na kasi ya ajabu kama inavyosimuliwa, na atakuwa anasema kweli kuhusu kile alichokiona. Leo ukichagua toleo lolote bila kuangalia, unaweza kujikuta unacheza lile lililoburuzwa na kulilaumu gemu kwa uzito usio wake. Kwa magemu mengi, chagueni toleo la Marekani au la Japani.

Kuna polepole nyingine ambayo si ya toleo bali ya mashine kuelemewa. Gradius III la Super Nintendo ni mfano unaojulikana sana: risasi zikijaa kwenye skrini kila kitu kinaanza kutembea kama kiko ndani ya asali. Baadhi ya emuleta zinaweza kuiongezea prosesa kasi ili hali hiyo isitokee, nami nilijaribu nikitarajia kulipata gemu lile jinsi lilivyostahili kuwa. Nilichokipata ni gemu gumu kupita kiasi. Kwenye mashine halisi, polepole ile huja wakati ule ule ambapo mchezaji anahitaji muda zaidi wa kupenya kati ya risasi, na ugumu wa hatua zile ulizoeleka ukiwa na nafuu hiyo ndani yake. Sijasema ilikusudiwa. Nasema gemu lilikamilishwa likiwa nayo, na ukiiondoa unacheza kitu ambacho hakikuwahi kupimwa.

Kwenye mwendo niongeze pia ucheleweshaji wa skrini za leo. Televisheni bapa nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kati ya kidole kubonyeza na mhusika kuruka panaingia pengo dogo ambalo televisheni ya chogo haikuwa nalo. Kwenye magemu ya hadithi ndefu ambayo mapigano yake huenda zamu kwa zamu hutalihisi. Kwenye gemu la kuruka na kupigana litakuua kila mara, nawe utadhani umezeeka. Washa hali ya magemu kwenye televisheni yako kabla ya kusema lolote kuhusu ugumu wa Mega Man X.

Na kuhusu ugumu, kuna jambo ambalo ningependa lijulikane zaidi, kwa sababu linabadilisha namna tunavyoisimulia enzi nzima. Watu husema magemu ya zamani yalikuwa makatili. Mengine yalikuwa hivyo, lakini baadhi ya ukatili huo haukutoka kwa walioyabuni. Contra: Hard Corps la Mega Drive, la mwaka 1994, katika toleo la Japani linakuruhusu kupigwa mara tatu kabla ya kupoteza uhai mmoja, lakini katika toleo la Marekani ukiguswa mara moja tu umekufa. Streets of Rage 3 nalo liliongezwa ugumu lilipotoka nje ya Japani. Kwa hiyo mtu anayerudi kwenye Hard Corps kwa toleo la Marekani na kuondoka akisema hakuna haki humo, simlaumu. Ninamwelekeza kwenye toleo la Japani, ambalo ni gemu lile lile, mabosi, yaani maadui wakubwa, wale wale wa ajabu, lakini linakupa nafasi ya kujifunza mwendo wa bosi kabla halijakuadhibu kwa kutoujua.

Kuna ugumu mwingine ambao siwezi kuutetea. Comix Zone la mwaka 1995 ni zuri mno kwa macho, mhusika anatembea ndani ya kurasa za katuni na kuruka kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, lakini kila unapopiga ngumi kitu kilichoziba njia, afya yako inapungua. Gemu la ngumi linalokutoza kwa kupiga ngumi limekosea, na muda haujalirekebisha kosa hilo.

Sasa nizungumzie sauti, ambayo kwangu mimi ndiyo sehemu iliyozeeka kwa heshima kuliko zote.

Mashine hizi mbili zilitengeneza muziki kwa njia zisizofanana hata kidogo. Mega Drive ilikuwa na chipu ya Yamaha iitwayo YM2612, yenye njia sita za sauti zinazozalishwa kwa mawimbi kuyapinda mawimbi mengine, na pembeni yake chipu ndogo ya milio rahisi na kelele. Hakuna ala iliyorekodiwa humo. Mtunzi anaiunda ala yake kutoka mwanzo kwa namba. Njia ya sita ingeweza kugeuzwa icheze sauti iliyorekodiwa, na wengi waliitumia kwa ngoma. Sikilizeni Streets of Rage 2 la mwaka 1992, muziki wa Yuzo Koshiro: besi inakwaruza, ngoma inagonga kifuani, na kila sauti ina ukali wa chuma. Ukali ule ni tabia ya chipu yenyewe, na Koshiro aliandika muziki wa klabu za dansi kwa sababu alijua chipu ile inapenda nini.

Super Nintendo ilikwenda njia nyingine. Sehemu yake ya sauti ilitengenezwa na Sony, chini ya mhandisi Ken Kutaragi ambaye baadaye alikuja kuitwa baba wa PlayStation, na ilicheza vipande vya sauti zilizorekodiwa kupitia njia nane. Lakini vipande vyote, pamoja na mwangwi, viliishi ndani ya kumbukumbu ya kilobaiti 64. Fikirini filimbi, ngoma, nyuzi, kengele, na mwangwi wa pango, vyote vikigombea nafasi ambayo leo haitoshi picha moja ya simu. Mtunzi alilazimika kukata kila ala mpaka ibaki punje, kisha airudishe punje hiyo izunguke ionekane ndefu. Ndiyo maana sauti za Super Nintendo zina ule ukungu laini, kama zinatoka chumba cha pili.

Nenda kwenye onyesho la opera katika Final Fantasy VI la mwaka 1994. Muziki ni wa Nobuo Uematsu. Mwimbaji anasimama jukwaani, maneno ya wimbo yanapita chini ya skrini, na kinachotoka kwenye spika si sauti ya mtu kwa kuwa nafasi ya kuweka sauti ya mtu akiimba haipo. Ni ala iliyotengenezwa ikaribie koo la binadamu bila kulifikia. Nimelirudia onyesho hilo mara nyingi. Kila mara naona sikio langu likikamilisha kile ambacho mashine imeshindwa, jinsi jicho linavyoyakamilisha maji ya Green Hill. Mkilicheza kwa spika za simu hamtasikia chochote cha kuwagusa. Vaeni hedifoni.

Nimeulizwa na mdau mmoja kama basi kuhifadhi katikati ya mchezo ni haramu. Hapana, na ningependa kulieleza hili kwa uangalifu, kwa sababu nimewahi kuumizwa na upande wa pili. Kaseti nyingi za magemu ya hadithi ndefu, zile zinazochomekwa kwenye konsoli, zilihifadhi safari ya mchezaji kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu inayoshikiliwa hai na betri ya kidonge iliyolehemiwa ndani. Gemu lenyewe halitegemei betri hiyo, litawaka hata baada ya miaka mingi, lakini siku betri inapokufa safari zako zote zinakufa nayo. Ilinitokea kwenye kaseti niliyoinunua ikiwa imekwishatumika. Jioni moja nilihifadhi mbele ya pango la mwisho, na asubuhi nilikuta nafasi tatu tupu, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupita pale. Betri hubadilishwa kwa chuma cha kulehemu na mkono uliotulia, na anayemiliki kaseti za aina hiyo afanye hivyo mapema.

Kwa hiyo mimi ninahifadhi ninapotaka kuizima mashine, popote nilipo, kwa kuwa maisha ya mtu mzima hayasubiri mahali rasmi pa kuhifadhi. Ninachokikataa ni kurudisha muda ili kufuta matokeo. Tofauti ya mambo haya mawili nimeiona wazi kwenye Chrono Trigger.

Gemu hili la mwaka 1995 liliwakutanisha Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest, na mchoraji Akira Toriyama, na kwa mtu anayeogopa hadithi za zamu kwa zamu za enzi hiyo, hili ndilo la kumpa. Maadui wengi unawaona mbele yako badala ya kushtukizwa kila hatua tatu. Mwanzoni unafika kwenye tamasha la mwaka 1000. Msichana anakugonga, kidani chake kinaanguka. Kuna mfuko wa chakula mezani ambao si wako, na ukibonyeza kitufe unakila. Kuna mtoto aliyepotelewa na paka. Mchezaji wa magemu amefundishwa kuokota kila kilichopo, kwa hiyo anaokota, anakula, anapita. Baadaye anajikuta kizimbani, na mashahidi wanaitwa mmoja baada ya mwingine: huyu alikula chakula cha mzee, huyu alikimbilia kidani kabla ya kumwangalia msichana, huyu alimrudishia mtoto paka wake. Wazee saba wa baraza wanapiga kura kwa hayo, na hukumu yoyote itakayotoka, gereza utaliona.

Nilipolicheza mara ya kwanza nilikuwa nimekula chakula kile. Nilibaki nimeishika padi nikihisi aibu ya kweli kwa kitendo ambacho saa moja kabla sikukihesabu kuwa kitendo. Mtu anayerudisha muda nyuma atarekebisha kila kitu na kupata kura zote saba, kisha atakwenda kifungoni vilevile, na hatajua kamwe kwamba onyesho lile liliandikwa kwa ajili ya yule aliyekula.

Sitaki nionekane nasifia kila kitu. Star Fox la mwaka 1993 lilikuwa ushujaa wa kihandisi, kwa sababu kaseti yenyewe ilibeba chipu ya ziada, Super FX, ili Super Nintendo iweze kuchora maumbo ya pande tatu. Lakini picha zake zinakatika sana kiasi kwamba baada ya nusu saa macho yangu yanauma, na hakuna kichujio cha kuliokoa hilo; nalitazama kama mtu anavyotazama ndege ya kwanza kwenye makumbusho. Sonic la kwanza nalo lina tatizo ambalo mashabiki hatupendi kulisema: baada ya Green Hill linakuingiza Marble, ambako unasukuma mawe na kungoja lava ishuke, na ule uwezo wa kujizungusha papo hapo na kuondoka kwa kasi haukuwapo mpaka gemu la pili la mwaka 1992. Anayetaka kuelewa Sonic anatakiwa kuwa nini, aanze na la pili, kisha aende Sonic 3 likiwa limeunganishwa na Sonic & Knuckles, kaseti mbili za mwaka 1994 ambazo huchomekwa moja juu ya nyingine zikawa gemu moja refu.

Kwa anayeuliza aanzie wapi kabisa kama hajawahi kugusa hata moja, jibu langu ni Super Mario World. Lina njia 96 za kutokea, lakini hiyo si sababu. Fika Donut Plains, hatua ya kwanza. Kobe wanaoruka wanakujia wakiwa wamevaa joho, na joho la baadhi yao linametameta. Mpige huyo, anadondosha unyoya. Uchukue, nawe una joho. Mbele yako kuna uwanja mrefu usio na kitu cha kukuzuia. Hakuna anayekuambia ukimbie kisha uruke. Uwanja wenyewe ndio unaokuambia.

Kuyapata leo kwa njia halali si kazi ngumu kama zamani. Super Nintendo ndogo iliyotolewa mwaka 2017 ina magemu 21 ndani yake, likiwamo Star Fox 2 ambalo lilikamilishwa katika miaka ya 1990 na kuwekwa kabatini bila kuuzwa. Mega Drive ndogo ilifuata mwaka 2019. Na huduma ya mtandaoni ya Switch ina mengi ya pande zote mbili. Yako mengine ambayo kwa miaka mingi yalifikiwa kwa kazi ya mashabiki peke yao: Seiken Densetsu 3 la mwaka 1995 lilitafsiriwa na mashabiki mwaka 2000, na toleo rasmi la Kiingereza halikutoka mpaka 2019. Nawashukuru watu wale kwa dhati. Bila subira yao nisingelijua gemu lile kwa miaka karibu ishirini.

Mdogo wangu bado yuko kwenye Zebes. Wiki hii amefika kwenye shimo refu ambalo ndani yake kuna wanyama watatu wadogo wanaoruka kutoka ukuta mmoja hadi wa pili mpaka wanatokomea juu, kisha wanarudi chini na kuanza tena. Hawashambulii, hawasemi, wanaruka tu mbele ya macho yake. Jana usiku alinigeukia akaniuliza kama kuna kitu anakikosa. Nilimwambia awaangalie miguu yao kwa makini, nikatoka nje ya chumba nisije nikamwambia zaidi. Nikiwa mlangoni nilisikia kitufe cha kuruka kikibonyezwa mara moja, kimya, kisha mara mbili kwa haraka.